Pikipiki Isiyoleta Hesabu

Maboksi mawili ya kompyuta ya injini yalikuwa juu ya meza ya gereji. Moja la Honda, limechubuka pembeni, lilitoka kiwandani pamoja na pikipiki mwaka 1982. La pili jipya, dogo, jeusi, bado lina karatasi ya dukani. Fundi wa umeme aliyekuja kunisaidia ni Mpolandi, na kazi yake ya kila siku ni magari ya mbio. Aliyapanga sambamba, akafuta mikono, akaniambia, "Nipe Jumamosi mbili. Natoa hili kuukuu, nafunga hili. Turbo haitachelewa tena."

Turbo ni pangaboi linalozungushwa na moshi wa ekzosi ili hewa zaidi isukumwe ndani ya injini, na yangu huchelewa kuitika. Nikamwambia anipe muda nifikirie.

Akacheka. Kwake hapakuwa na cha kufikiria. "Umenunua pikipiki ya turbo ili ukae kuisubiri?"

Swali hilo lilinisumbua wiki nyingi. Lilinisumbua kuliko kutu, kuliko spea zisizopatikana, kuliko pesa iliyokuwa inatoka. Nilikuwa nikienda nalo kazini na kurudi nalo.

## Chini ya turubali

Niliikuta kijiji kimoja cha Lincolnshire, Uingereza, bandani kwa mzee aliyekuwa anauza nyumba na kila kilichomo. Turubali lilikuwa limechanika upande wa dirisha, kwa hiyo pikipiki ilikuwa na sura mbili: upande mmoja nyeupe yenye mng'aro wa lulu, upande wa pili imepigwa na jua hadi ikageuka njano. Matairi yamelala chini bila upepo. Nilipofungua tenki, harufu iliyotoka haikuwa ya petroli tena, ilikuwa ya vanishi. Kwenye kava la mbele, chini ya taa, neno TURBO limeandikwa kinyumenyume, ili dereva aliye mbele yako alisome sawasawa kwenye kioo chake na akupishe.

Mwaka 1982 watu wa Honda walijiamini kiasi hicho.

Bei pauni 2,400. Hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho iliwaka lini. Mzee alisema, "Inahitaji betri tu." Ngamiani, Tanga, nimeusikia msemo huo kwa kila aliyewahi kuuza chombo kilichokufa. Sikutegemea kuukuta Lincolnshire.

Nikalipa.

Hii ni Honda CX500 Turbo, pikipiki ya kwanza ya kutoka kiwandani kwa wingi ikiwa na turbo. CX500 ya kawaida, isiyo na turbo, ilikuwa pikipiki ya kazi. Vijana wa kusambaza vifurushi London miaka ya 80 waliipenda sana: silinda mbili za umbo la V zinazochomoza pembeni, injini inapozwa kwa maji, haina cheni bali shafti, na haisumbui. Mtu angeitembeza kutwa, aiegeshe usiku kwenye mvua, asubuhi inawaka. Ukiniambia nitaje pikipiki ya Ulaya ya wakati ule iliyofanana kwa tabia na Boxer zetu za bodaboda, nitaitaja hiyo.

Honda wakaichukua hiyo ya kazi, wakaifunga turbo ya kampuni ya IHI yenye mapangaboi ya upana wa kama sentimita 5, yanayozunguka zaidi ya mara 150,000 kwa dakika. Wakaondoa kabureta, wakaweka kompyuta ya kupimia mafuta, wakati magari mengi ya kawaida bado yanatumia kabureta. Injini ni ileile ya sisi (cc) 497, lakini nguvu zikapanda kutoka farasi 50 hivi hadi 82.

Mtu anayejua injini atashangaa kwa nini walichagua V ya silinda mbili. Turbo inataka moshi unaotoka mfululizo, na V hii inautoa kwa vishindo visivyolingana. Injini ya silinda nne ingekuwa rahisi zaidi, na Honda walikuwa nazo tele. Maoni yangu ni kwamba walitaka kujionyesha. Anayeweza kuifanya injini hii ivute kwa turbo hana la kuthibitisha tena.

Wenzao hawakukubali kuachwa nyuma. Yamaha wakatoa XJ650 Turbo, ambayo ilibaki na kabureta. Suzuki wakatoa XN85, na hiyo 85 ndiyo idadi ya farasi wake. Kawasaki walichelewa hadi 1984, wakaja na 750 Turbo yenye farasi 112, na wengi wanakubali kwamba ndiyo iliyofanikiwa kuliko zote. Katikati ya hayo, mwaka 1983, serikali ya Rais Reagan ilipandisha ushuru wa pikipiki kubwa zinazoingia Marekani hadi asilimia 49.4 ili kuikinga kampuni yao ya pikipiki, Harley-Davidson. Ushuru huo ulizihusu zenye zaidi ya sisi 700. Honda ya pili ya turbo, CX650, ilikuwa na sisi 674 na farasi 100. Kwa ujazo wa injini ni pikipiki ya kati, kwa mwendo ilikuwa inafukuzana na zile kubwa.

Halafu ikaisha. Mwaka uleule wa 1984 Kawasaki haohao walitoa GPZ900R: farasi 115, haina turbo, ni nyepesi, na ukiigusa inaondoka papo hapo. Baada ya hapo nani angelipa zaidi anunue mabomba, joto na kuchelewa?

Kwa hiyo nilichokileta nyumbani juu ya trela ni jibu la swali ambalo kampuni zenyewe ziliacha kuuliza ndani ya miaka michache.

## Kushusha injini

Chini ya injini, kwa nyuma, kuna tundu dogo. Kazi yake ni kutoa taarifa. Sili ya pampu ya maji ikianza kuchoka, maji hayaingii kwenye oili, yanadondokea kwenye tundu hilo ili mwenye pikipiki aone mapema. Langu lilikuwa na mchirizi mweupe wa kulanti, maji ya kupoza injini, iliyokauka, umeanzia pale tunduni, ukashuka kwenye aluminiamu, ukaishia kwenye bomba la fremu na kutengeneza ganda gumu. Nililikwangua kwa kucha. Pikipiki ilikuwa imetoa taarifa muda mrefu sana, na hakuna aliyeshughulika.

Sili yenyewe ni kitu cha bei ndogo. Tatizo ni pale ilipo: nyuma ya kava la nyuma, na kava la nyuma halitoki mpaka injini ishuke. Ndani ya kava hilohilo ndimo ilimo koili ya kuchaji betri, inaoga oili ya moto maisha yake yote, na kila anayezijua CX atakwambia koili hiyo hufa. Kwa hiyo sheria ni moja. Ukiishusha injini kwa ajili ya sili, badilisha na koili. Ukiishusha kwa ajili ya koili, badilisha na sili. Hutaki kuishusha tena kwa ajili ya ndugu yake.

Kushusha injini ya CX ya kawaida si kazi ya kutisha. Hii ya turbo ni habari nyingine. Kabla hujagusa injini kuna mabodi ya plastiki, kila moja na vishikizo vyake ambavyo miaka 40 imevifanya vikavu na vinakatika. Kuna mabomba ya hewa, chemba ya hewa, mipira ya presha myembamba iliyopita kila upande, nyaya za sensa. Nilipiga picha kila hatua, nikafunga vikaratasi kwenye kila mpira. Mwisho turbo yenyewe, imekaa mbele ya injini, chini, mahali panapopokea matope na chumvi yote ya barabara za Uingereza wakati wa baridi.

Boliti za ekzosi zilikuwa zimekuwa kitu kimoja na chuma zilichoingia.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa namshikia tochi fundi mmoja wa Ngamiani siku za likizo. Alikuwa na neno lake: boliti ikikataa usiitukane, ipashe moto. Mtu anayetukana boliti huishia kuikata kichwa, na akishaikata kichwa anaanza kazi ya kutoboa ambayo mwenye pikipiki hatailipia. Basi nikapasha moto, nikapaka oili ya kupenya, nikagonga taratibu, nikaacha, nikaenda kula. Nikarudi, nikapasha tena. Ya kwanza ilipoachia ilitoa mlio mfupi mkali. Zilizobaki zilifuata kwa siku zao, moja moja, na zote zilitoka na vichwa vyao.

Turbo ilipokuwa mkononi nililizungusha pangaboi kwa kidole. Lilizunguka, lakini kwa uzito, na nilihisi mchanga ndani yake. Ukilisukuma juu na chini lilicheza kidogo, na hilo ni la kawaida maana shafti yake inaelea juu ya oili. Ukilivuta nje na ndani halikucheza. Hilo nalo ni zuri. Ubaya ulikuwa kwenye bomba la kuleta oili. Nilipoangaza tochi ndani, tundu lilikuwa limebaki jembamba sana, limezungukwa na masizi meusi magumu.

Masizi hayo yana historia. Kuna mtu alikuwa anakimbiza pikipiki hii, anafika kwake, anazima hapohapo. Oili inabaki imesimama ndani ya turbo iliyowiva, inaungua. Wasomaji wangu waliowahi kusafiri na Scania kutoka Tanga kwenda Dar wanajua dereva anachofanya akiingia Segera: abiria wameshashuka, wengine wameshanunua machungwa, injini bado inanguruma taratibu. Anasubiri tabo, yaani turbo, ipoe. Dereva yule hakusomea popote, lakini turbo yake inaishi. Mwenye Honda hii alikuwa na kitabu cha maelekezo chini ya kiti.

Turbo nilimpelekea mtu wa kazi hiyo. Turbo za familia hii zilitumika pia kwenye magari madogo ya Kijapani, kwa hiyo beringi na sili hazikuwa kitendawili. Vitu vingine ndivyo vilivyoniumiza: mpira mmoja wa hewa wenye kona ya ajabu, ambao haukuwahi kutumika kwenye pikipiki nyingine yoyote, niliusaka hadi nikaanza kuuota.

## Kaka anauliza

Katikati ya hayo nilituma picha kwenye grupu la familia. Injini iko mezani, fremu imesimama mifupa mitupu, nami nimesimama pembeni natabasamu.

Kaka yangu mkubwa akajibu kwa sauti. "Mdogo wangu, hongera, nzuri sana. Sasa hiyo inaleta hesabu shilingi ngapi?"

Hakuuliza kwa kejeli. Kaka ana pikipiki anazozitoa kwa mkataba. Kijana anaendesha, analeta hesabu, mkataba ukiisha chombo kinakuwa chake. Kwake pikipiki ni hiyo. Na alikuwa ameshapiga hesabu yake mwenyewe kimyakimya, kama nilivyokuwa nimeipiga mimi: bei niliyoinunulia, kabla sijagusa hata spana, ingenunua Boxer mbili mpya dukani na chenji ikabaki. Vijana wawili wangekuwa barabarani.

Sikuwa na jibu.

Ningeweza kumwambia ni uwekezaji, kwamba vitu hivi vinapanda thamani. Wengi huku hujitetea hivyo kwa wake zao. Si kweli, angalau si kwa hii. Ukijumlisha turbo, koili, matairi, rangi na mipira, unakuwa umetumia pesa ambazo hakuna atakayekurudishia siku ya kuuza. Zilizo nzima kabisa zinauzwa kwa bei ya chini ya gharama za kuifufua moja iliyokufa. Anayefanya kazi hii kwa faida hajafanya hesabu.

Na si suala la pesa peke yake. Pale Ngamiani nilipojifunzia kushika spana, hakuna pikipiki iliyorudishwa kuwa ilivyokuwa. Ilitengenezwa itembee. Gasketi ilikatwa kwenye boksi la maandazi, kioo kilitoka kwenye pikipiki nyingine, waya wa taa ulirefushwa kwa waya wa redio. Nani aulize kama hiki ni cha kiwandani? Mwenyewe anaihitaji kabla ya magharibi. Ukarabati ulikuwa na sababu moja, na sababu hiyo ilikuwa imesimama pale mlangoni inasubiri, na helmeti mkononi.

Hapa mimi nimesimama na sandpepa namba 1500 nasugua kava ambalo hakuna abiria atakayeliona. Kuna jioni niliweka sandpepa chini, nikafikiria kuiuza vipandevipande. Nyaya zake, mabodi yake, dashibodi yake, kuna watu wangezinyang'anyana. Niliandika hadi tangazo.

Sikulituma. Sikuwa na sababu nzuri usiku ule. Injini ilikuwa imeshafungwa na nilitaka kuisikia.

## Unaita, inaitika

Iliwaka, ikamisi, ikatoa moshi wa bluu, ikatulia. Taa ya onyo ya mfumo wa mafuta ilikuwa inawaka na kuzima ovyo. Hapo ndipo Mpolandi alipoingia kwenye hadithi, na hapo ndipo lilipozuka wazo la boksi jipya, maana dalili zote zilionyesha boksi la zamani limechoka.

Ila alikuwa mtu makini. Kabla ya kulihukumu alifungua soketi zote za nyaya moja baada ya nyingine. Ndani ya ile iliyo chini ya kiti, pini za shaba zilikuwa zimeota unga wa kijani. Alizisafisha kwa brashi ya meno na dawa, akabana upya zilizolegea, akatengeneza muunganisho mpya wa ethi kwenye fremu. Taa ikazima, na haijawaka tena.

Boksi la zamani lilikuwa zima.

Nikaenda nayo barabarani. Jumapili asubuhi, barabara ya mashambani, lami kavu. Chini ya mizunguko 4,000 ni pikipiki nzito isiyo na haraka. Lazima iwe hivyo: ili turbo isiivunje injini, Honda walishusha mgandamizo hadi 7.2 kwa 1, kwa hiyo kabla presha haijaja una injini dhaifu iliyobebeshwa kilo 260. Unafungua moto. Hakuna kitu. Ni kama kumwita mtu aliye chumba cha pili: anasikia, anaitika "abee", halafu ndipo anakuja.

Na akija, anakuja.

Kipimo cha presha kwenye dashibodi kinapanda, sauti ya ekzosi inashuka badala ya kupanda, chini ya magoti kunatokea mluzi, halafu barabara inavutwa kuja kwako. Sijui kulieleza vizuri zaidi. Nimeendesha pikipiki zenye nguvu mara mbili ya hii. Hakuna iliyonifanya nicheke peke yangu ndani ya helmeti.

Kuna upande wa pili, na nisiufiche. Kwenye kona tabia hiyo ni mbaya. Unafungua moto ukiwa umeinama, haji, unafungua zaidi, halafu anakuja na yote uliyoomba kwa mkupuo mmoja. Kwenye lami yenye majani mabichi ya Oktoba hilo laweza kukulaza chini. Inabidi uagize nguvu kabla hujaihitaji: ufungue mapema, wakati bado unaingia konani, ukijua itafika utakapokuwa unatoka. Unaiendesha kwa kukisia mbele.

Mpolandi aliiendesha pia. Alirudi amekunja uso. "Sasa umeona? Ni nzima, na bado inachelewa. Hilo si tatizo la uzee. Ramani yake ya mafuta ndiyo ya mwaka 1982. Boksi jipya litaongeza moto wa plagi hapa, mafuta pale, lile shimo litakuwa nusu."

Alikuwa sahihi kwa kila neno.

## Boksi gani

Kwa hiyo swali halikuwa tena la ufundi. Cha zamani kinafanya kazi. Kipya kinafanya kazi vizuri zaidi. Pikipiki ni yangu. Nani anazuia?

Nilijaribu kujiambia kwamba naheshimu uasilia. Halikusimama. Mipira ya breki niliyoifunga ni ya kisasa, ya waya wa chuma ndani. Matairi ni ya kisasa. Kile kifaa cha kurekebisha chaji nimekiweka cha aina mpya, kwa sababu cha zamani kinaipa koili joto bure. Rangi ya upande ulioungua na jua imepulizwa upya, na anayeijua ile lulu ya kiwandani ataona tofauti akisimama karibu. Mtu aliyefanya yote hayo hawezi kuamka siku moja akajidai mlinzi wa makumbusho.

Halafu kuna yule fundi wa Ngamiani kichwani mwangu. Yeye angefunga boksi jipya kabla sijamaliza sentensi. Kinachofanya vizuri kinafungwa, kilichotoka kinawekwa kwenye ndoo ya spea.

Nilichokuja kukiona, na kilikuja polepole, ni kwamba mimi na yeye hatukuwa tunashughulikia kitu cha aina moja. Pikipiki ya kazi ina sababu nje yake yenyewe: abiria, mzigo, hesabu. Ukiibadilisha injini nzima, sababu ipo palepale. Hii sababu yake iko ndani. Ilitengenezwa ili kuonyesha kwamba injini ndogo, turbo ndogo na kompyuta ya mwanzo mwanzo vinaweza kufanya kazi pamoja kwenye magurudumu mawili. Na namna vilivyofanya kazi pamoja ndiyo hiyo: vinasuasua, halafu vinaondoka. Boksi ndilo lililoamua hivyo. Ndani yake mna makadirio ya wahandisi waliokuwa wanapapasa, ambao hawakuwa na mtu wa kumwiga.

Mipira ya breki haikuwa na kadirio lolote ndani yake, wala koili. Hivyo vilizeeka tu. Uzee nimeuondoa kila nilipoukuta, bila huruma. Kuchelewa si uzee. Ilitoka nako Japani.

Na kama nataka pikipiki isiyochelewa, zimejaa madukani. Honda wenyewe mwezi Novemba 2024 walionyesha Milan injini mpya ya V yenye silinda tatu na kompresa inayozungushwa kwa umeme. Haingoji moshi wa ekzosi, kwa hiyo hewa inasukumwa tangu mizunguko ya chini. Miaka zaidi ya 40 baadaye wamelirudia swali, na safari hii wamelijibu vizuri. Siku itakapoingia sokoni sitaweza kuinunua, lakini nimefurahi. Sasa nina sababu zaidi ya kuacha jibu la kwanza libaki kama lilivyo.

Nilimwambia Mpolandi abaki na boksi lake jipya. Alinitazama kidogo, akalirudisha kwenye karatasi yake, akasema kuna mtu ana Suzuki ya mbio atalihitaji. Hakukasirika. Wiki iliyofuata alikuja na kijana wake kuiona, akaomba aizungushe tena. Alichukua muda kurudi.

Kaka nilimjibu pia. Nilimwambia ukweli: hailetei mtu yeyote hata shilingi, na haitaleta. Lakini nilimwambia na jingine, kwamba ile chenji iliyobaki kwenye hesabu zake kichwani nimeipata kwenye kuuza vitu vyangu vingine, nimeongezea, na nataka aninunulie Boxer moja aitoe kwa mkataba. Hilo nililifanya kwa ajili ya kulala vizuri, nadhani. Sijui kama mambo haya mawili yanafidiana, na sidhani yanafidiana. Kijana aliyeichukua anaitembeza Pongwe na analeta hesabu bila kusumbua.

## Mluzi

Mwezi uliopita Kaka aliomba video yenye sauti. Nikaiwasha, nikapiga resi, nikamrushia. Yeye akampelekea fundi wa Fuso aliye jirani na kijiwe chao, mtu ambaye kutwa anafungua tabo za malori.

Jibu lilirudi kwa sauti ya fundi mwenyewe, nyuma yake nyundo inagonga.

"Mwambie mdogo wako tabo ni nzima, beringi hazilii. Huo mluzi wa pili, ule mwembamba, ni hewa inavuja. Aangalie klampu ya mpira unaotoka kwenye tabo kuingia kwenye injini. Ikiwa mpya, ikishapata moto mara kadhaa hulegea."

Mimi sikuwa nimesikia mluzi wa pili. Nilirudia video mara kadhaa ndipo nikausikia, mwembamba kweli, chini ya ule wa kwanza. Nikaenda gereji na bisibisi. Skrubu ya klampu ilizunguka karibu duara zima kabla haijashika. Siku ya pili presha ilipanda mapema kidogo kuliko nilivyozoea, ingawa bado inaita kwanza.

Nikatuma shukrani. Kaka akanijibu kwa maandishi: fundi anasema ushauri si bure, utume ya soda.

Nimetuma ya soda na ya chipsi.